Bembea ya kulalia kwenye ua usio na miti: jinsi ya kusimamisha nguzo zisizoinama

Kiwanja chetu cha Kigamboni tulikinunua kikiwa kitupu. Kila mti ulikuwa umeshafyekwa, na miche ya miembe niliyopanda tulipoanza msingi ndiyo kwanza inanifika kifuani. Mzee wangu mgongo unamsumbua, na alilala vizuri mara moja kwenye bembea ya jirani yetu wa zamani, iliyofungwa kati ya minazi miwili. Tangu siku hiyo nikajua nitamtengenezea ya kwake, miti iwepo isiwepo.

Bembea ninayoizungumzia hapa ni ile ya kulala, ya wavu au ya kitambaa kizito, inayofungwa ncha mbili. Wapo wanaoiita machela, na hawakosei. Machela ya zamani ilikuwa kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti mmoja mrefu, wapagazi wakaubeba mabegani na msafiri amelala ndani, kabla jina hilo halijahamia kwenye kitanda cha kubebea wagonjwa.

Jaribio langu la kwanza liliharibika, na naanza nalo kwa sababu kosa lenyewe ndilo ninaloliona kila ninapopita. Fundi alikuja na mabomba ya inchi mbili na kuchimba mashimo ya kina cha goti. Nikamuuliza kama yatatosha. Akanijibu, "Bosi, bomba kama hili limebeba tangi la lita elfu moja kwa watu, litashindwa na mzee?" Nikaridhika. Baada ya wiki mbili nikakuta nguzo zimeinamiana kama watu wanaonong'ona, na nyuma ya kila moja ardhi imepasuka ufa wa upana wa kidole. Nguzo moja ilikuwa imeanza kupinda pale inapotokea kwenye zege. Mzee hakuanguka, namshukuru Mungu, lakini angeweza.

Fundi hakunidanganya. Tangi linakandamiza kwenda chini. Bembea inavuta kwenda pembeni, na hapo ndipo hesabu yote inapobadilika.

Kwanza elewa mvuto

Fanya jaribio hili kabla hujanunua hata msumari. Jaza maji ndoo ya lita 20, pitisha kamba kwenye mshikio wake, wewe shika ncha moja na mwenzako ncha nyingine. Ndoo ikining'inia chini kabisa kati yenu, mnaibeba bila shida. Sasa anzeni kurudi nyuma, kamba inyooke. Kadiri inavyonyooka ndivyo mikono inavyotetemeka, na hata mvute vipi, kamba haitanyooka ikawa kama mstari. Ndoo haijaongezeka uzito. Kilichoongezeka ni mvuto wa pembeni, na kwenye bembea mikono yenu ndiyo nguzo.

Kwa tarakimu ni hivi. Mtu wa kilo 80 akilala, na kamba zikashuka kutoka kwenye nguzo kwa pembe ya nyuzi 30 chini ya mstari uliolala, kila kamba inabeba kama kilo 80 na kila nguzo inavutwa pembeni kwa takriban kilo 70. Kamba zikikazwa hadi nyuzi 10, kila moja inabeba kama kilo 230. Kwa nyuzi 5 inapita kilo 450. Mtu ni yuleyule na bembea ni ileile.

Sisi watu wa Pwani tumezoea kitanda cha teremka tukaze: kamba zikilegea unateremka, zinakazwa, unapanda tena. Bembea inataka kinyume chake. Ukiiona imelegea, ikabonyea katikati kama tumbo la mtumbwi, usiguse. Iko sawa.

Nguzo gani

Nilichagua bomba la chuma la mabati la inchi tatu lenye unene wa milimita 4. Mabomba haya huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo bomba moja likikatwa katikati linakupa nguzo mbili za mita 3 bila kipande cha kutupa. Dukani usitazame upana tu. Pima unene wa ukuta wa bomba kwenye ncha, maana yapo ya inchi tatu yenye ukuta mwembamba ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha. Hayo ni ya uzio.

Ukipenda mti, tafuta nguzo ya mlingoti iliyotiwa dawa, yenye kipenyo kisichopungua sentimita 15, jamii ya zile nguzo za umeme zinazotoka Mufindi na Njombe. Mti usiotiwa dawa mchwa watauanzia chini, sehemu usiyoiona, na utakatika mtu akiwa amelala. Boriti za mikoko ni ngumu kweli, na kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka hadi nchi za Ghuba kujengea mapaa, lakini leo ukataji wake unahitaji kibali na mikoko ndiyo inayotushikia fukwe. Iacheni.

Halafu kuna ukuta. Watu wengi wasio na miti hufikiria kufunga ncha moja kwenye ukuta wa uzio au kwenye nguzo ya matofali ya geti. Naomba usifanye hivyo. Ukuta wa tofali umejengwa kubeba uzito wake kwenda chini, na ukivutwa pembeni kwa juu unaanguka mzima, ukimwelekea aliyelala. Mwaka 2020 huko Ohio, Marekani, watoto wawili wa familia moja walifariki baada ya nguzo ya matofali iliyofungiwa bembea kuwaangukia. Nguzo ya veranda iliyojengwa kwa zege na nondo, iliyounganishwa na boriti ya juu, ni jambo jingine, ila hata hiyo mwonyeshe kwanza aliyekujengea.

Mahali

Kwa kuwa hakuna mti, hakuna kivuli, na watu hulikumbuka hilo wakati zege limeshakauka. Tumia nyumba yako. Upande wa mashariki wa nyumba hupata kivuli kuanzia mchana, saa ambazo mtu anataka kujinyoosha. Kwetu upande huohuo ndio unaopata upepo wa baharini, nikabahatika mara mbili.

Unahitaji nafasi ya mita 5 kwa urefu, na mita moja na nusu kila upande wa bembea pasiwe na jiwe, ngazi, wala kona ya ukuta. Kabla ya kuchimba, jua mabomba ya maji yanapita wapi, waya wa umeme wa chini uko wapi, na shimo la maji taka limeishia wapi. Kaa mbali na shimo hilo kwa mita 3 au zaidi. Udongo wake ni laini na mfuniko wake haupaswi kubeba kitu.

Chagua pia majira. Sehemu nyingi za Kigamboni wakati wa masika maji yako karibu na uso wa ardhi, ukichimba mita moja unakuta kisima. Subiri kiangazi.

Kuandaa nguzo kabla hazijasimama

Peleka mabomba kwa fundi wa kuchomelea, mengi yamalizwe huko. Kila nguzo ichomelewe sikio: kipande cha bamba la milimita 8 chenye tundu la milimita 14, kikiwa mita 2.70 kutoka ncha ya chini. Nguzo ikizama sentimita 90, sikio litakuwa mita 1.80 juu ya ardhi. Lichomelewe pande zote mbili, mshono uzunguke, siyo nukta mbili tatu. Akwangue kwanza zinki mahali pa kuchomea na afanyie kazi nje penye hewa, maana moshi wa zinki humfanya mtu ashikwe na homa usiku.

Chini ya nguzo, kama sentimita 10 kutoka ncha, achomelee kipande cha nondo cha sentimita 30 kikatize kama msalaba. Hiki kinaizuia nguzo kujisokota ndani ya zege. Juu azibe kwa bamba mvua isiingie. Kila palipochomelewa pamepoteza zinki, kwa hiyo paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Kwa hewa ya chumvi tuliyonayo, doa dogo lisilopakwa linaanza kububujika kutu ndani ya msimu mmoja.

Kuchimba

Nguzo zitakuwa mita 4.10 kutoka moja hadi nyingine zikipimwa ardhini. Umbali huu unafaa bembea ya kawaida yenye urefu wa mita 3 hadi 3.50 kutoka kitanzi hadi kitanzi. Kama yako ni fupi, sogeza nguzo karibu badala ya kuongeza kamba nyingi.

Chimba mashimo mawili ya mraba, sentimita 50 kwa 50, kina mita moja. Mtarimbo na koleo vinatosha. Kwenye mchanga kuta zitakuporomokea. Mwagia maji kidogo zishikamane, au zuia kwa vipande vya mabati chakavu. Fundi atakuambia kina cha sentimita 60 kinatosha ukiongeza upana. Mkatalie kwa upole. Nguzo inayovutwa kwa juu inafanya kazi kama mtarimbo unaong'oa kisiki, na kinachouzuia ni udongo wa chini kabisa. Kuongeza kina kunasaidia kuliko kuongeza upana, na hapo ndipo nguzo zangu za kwanza ziliposhindwa.

Chini ya shimo mwaga kokoto sentimita 10, zishindilie. Maji yakiingia yapate pa kwenda.

Kusimamisha na kumwaga zege

Simamisha nguzo, masikio yakitazamana. Sasa iegemeze kidogo nje, yaani ncha za juu ziachane zaidi kuliko chini. Funga timazi kwenye ncha ya juu, upande wa nje. Likitulia, liwe limeiacha nguzo kwa sentimita 10 usawa wa ardhi. Ukizitazama kwa mbali utaona kama zimekosewa. Mtu akilala zitavutika kidogo kuelekea wima, na mvuto wa kila siku hautazifanya ziinamiane. Zishikize kwa mbao tatu tatu zilizopigiliwa kwenye vigingi, kisha pima tena, kwa sababu mbao huwa zinahama unapopigilia.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 ni sawa na karibu ndoo moja na robo tatu za lita 20, kwa hiyo mfuko mmoja unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Mashimo mawili yatakula mifuko mitatu.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Najua uko karibu na ni wa bure. Una chumvi, na chumvi ikikaa ndani ya zege inakula chuma polepole kutoka ndani, mahali ambapo hakuna brashi ya rangi itakayofika. Vivyo hivyo maji: kama kisima chako kina ladha ya chumvi, nunua maji ya bomba hata madumu kadhaa.

Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo. Mafundi wengi hupenda zege lenye maji mengi kwa sababu halichoshi mkono. Zege zuri ukilibonyeza kwa mgongo wa koleo uso wake unang'aa, lakini maji hayatiririki pembeni. Mwaga kwa tabaka za sentimita 20 au 30, kila tabaka ulichome kwa nondo mara ishirini na zaidi, hasa karibu na nguzo, hadi mapovu yaishe. Mara ya pili niliifanya kazi hii mwenyewe huku fundi akimwaga, na nilisikia sauti ikibadilika: mwanzoni nondo inakwaruza kokoto kavu, baadaye inazama kwa mlio mzito kama mwiko ndani ya ugali unaoiva.

Malizia kwa kuinua zege sentimita 5 juu ya ardhi na kuliteremsha pande zote kwa mwiko, ili mvua ikimbie kutoka kwenye nguzo. Bomba huoza pale pale inapokutana hewa, udongo na maji.

Siku za kungoja

Funika kwa magunia, yaloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba. Jua letu linakausha uso wa zege kabla ya ndani kushika, na zege lililokauka haraka ni dhaifu. Usiondoe mbao. Usifunge kitu. Zege hupata nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28. Mimi ningengoja zote. Ukishindwa, basi wiki mbili, na hapo alale mtu mmoja tu bila kujirusha.

Kamba, mnyororo na kutundika

Kwenye sikio weka kiungo cha chuma cha kufungwa kwa skrubu, siyo kulabu iliyo wazi, kisha kipande cha mnyororo wa milimita 8 chenye urefu wa nusu mita. Mnyororo unakuwezesha kuongeza au kupunguza urefu kwa kuhamisha pete moja tu, na chuma hakili chuma kingine upesi kama kamba inavyoliwa na kingo za bamba.

Kamba ya bembea yenyewe, kama unaifunga mwenyewe, iwe ya poliesta ya milimita 12. Nailoni inanyooka, utalala juu na kuamka umegusa chini. Mkonge naupenda kwa moyo wote, lakini ukinyeshewa na kukaushwa mara kwa mara unaoza kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Mkonge wenyewe na bembea ni ndugu: asili yake ni Mexico, ambako watu wa Yucatán hadi leo hulala kwenye bembea badala ya vitanda. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliuleta Tanga mwaka 1893, na katika miche elfu moja aliyoiagiza kupitia Florida ilipona 62 tu. Mashamba yote ya Tanga yakaanzia hapo. Basi bembea ya mkonge inapendeza, ila iwekwe chini ya paa na kamba zibadilishwe kila mwaka.

Tundika sasa, halafu pima mteremko kwa futi: kuanzia kwenye sikio, kila mita moja ya kwenda mbele, kamba iwe imeshuka kama sentimita 58. Hiyo ndiyo nyuzi 30. Ikiwa imeshuka kidogo zaidi, hakuna tatizo. Ikiwa imeshuka nusu ya hapo, ongeza pete za mnyororo. Mtu akikaa, makalio yawe sentimita 45 kutoka ardhini, usawa wa kiti cha kawaida, ili mzee aweze kukanyaga chini kabla ya kuinuka.

Usimpandishe mtu kwanza. Weka magunia mawili ya mchanga, jumla kilo 100 hivi, yalale usiku kucha. Asubuhi piga magoti nyuma ya kila nguzo utazame palipokutana zege na udongo. Ufa mwembamba kama unywele si neno. Ufa wa kuingiza kidole maana yake shimo halikutosha, na dawa yake ni kuchimba upya. Nilijaribu kushindilia udongo mara ile ya kwanza, ukapasuka tena baada ya siku tatu.

Kwa mpangaji

Kama nyumba si yako, hutachimba. Nimeona watu wakisimamisha nguzo ndani ya tairi la gari lililojazwa zege. Tairi hilo lina kilo 80 au 100, na mvuto wa juu wa mtu mmoja unatosha kulipindua. Hata pipa zima la lita 200 lililojaa zege, karibu nusu tani, liko kwenye ukingo wa kushindwa.

Suluhisho ni fremu moja: bomba refu linalolala chini, mita 4 na zaidi, likiunganisha nguzo mbili zilizoegemea nje kama ncha za jahazi. Hapo nguzo zinavutana zenyewe kupitia bomba la chini, na ardhi haihusiki. Weka miguu ya kukatiza yenye upana wa mita 1.20 kila ncha isiyumbe kushoto na kulia. Fundi wa mageti anaiweza. Mwambie viungo viwe vya bolti, ili siku ya kuhama uifungue na kuipakia kwenye kirikuu.

Matunzo

Kila mwezi zungusha kidole ndani ya tundu la sikio. Ukikuta limeliwa likawa kama yai, peleka likachomelewe jipya. Kagua mshono wa kamba pale inapokunjika. Watoto watataka kusimama juu na kujirusha, na mruko wa mtu unaongeza mvuto hata mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo kwetu sheria ni kukaa au kulala. Watu wazima wawili wembamba nguzo hizi zinawabeba, watatu hapana.

Jioni ivue, uikunje, uiweke ndani. Jua na umande ndivyo vinavyomaliza bembea, kuliko watu. Kwetu kazi hiyo ameichukua mzee. Saa kumi na mbili, magharibi ikikaribia, utamkuta anafungua skrubu za pande zote mbili, anagusa nguzo moja moja kwa kiganja, halafu anaingia ndani na bembea yake begani.